Kwa Mwoga Huenda Kicheko: Lawama za Kiingereza na Tafsiri Zake

Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 5 Agosti 2017, bomu la kienyeji lilirushwa kupitia dirisha la ofisi ya imamu katika msikiti wa Dar Al-Farooq, mjini Bloomington, kusini mwa Minneapolis. Waumini, wengi wao wenye asili ya Somalia, walikuwa wakikusanyika kwa sala ya alfajiri. Hakuna aliyejeruhiwa. Siku iliyofuata gavana wa Minnesota, Mark Dayton, alifika msikitini na kukilaani kitendo hicho kwa maneno matatu ya Kiingereza: "terrible", "dastardly" na "cowardly". Kisha akakiita ugaidi.

Maneno hayo hayana uzito sawa. "Terrible" ni ndugu wa "terror", lakini matumizi yameuchakaza undugu huo. Mwingereza hulitumia hata kwa chai iliyopoa. "Dastardly" lina historia tofauti. Si neno la kila siku. Rais Franklin D. Roosevelt alilitumia tarehe 8 Desemba 1941 mbele ya Bunge la Marekani, kulaani shambulio la Wajapani katika Pearl Harbor. Mwaka 1968 lilikuwa limekwisha kuwa jina la mhalifu wa kuchekesha katika katuni ya Wacky Races. Neno lililotangulia vita likaishia midomoni mwa watoto, na anayelitumia leo kwa dhati hana budi kuliondoa kwanza kwenye kichekesho hicho.

Lililo gumu zaidi ni "cowardly". Karibu kila shambulio duniani hulaaniwa kwa neno hilo, hata pale mshambuliaji alipokufa kwa bomu lake mwenyewe. Susan Sontag alilihoji katika jarida la The New Yorker mnamo Septemba 2001, akisema kuwa ujasiri hauna upande katika mizani ya maadili: mtu anaweza kuwa jasiri na bado akatenda uovu. Alishambuliwa vikali, lakini hoja yake haikujibiwa. Anayemlaani muuaji kwa woga humlaumu kana kwamba kosa lake ni kupungukiwa na ushujaa.

Katika Kiswahili tatizo hili huongezeka. Taarifa za kulaani mashambulio huzungumzia "kitendo cha woga", tafsiri ya neno kwa neno ambayo msomaji huipita bila kushtuka. Hashtuki kwa sababu katika Kiswahili woga si uovu. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mwoga huchekwa, pengine hudharauliwa, lakini hurudi nyumbani salama, na methali inamwelekea kwa huruma kuliko inavyomwelekea shujaa. Kumwita mrusha bomu mwoga ni kumpa mahali pasipomstahili, karibu na mtu aliyeukimbia ugomvi.

Lugha haikukosa maneno. Kile ambacho "dastardly" inakilenga, yaani kumjia mtu asiye na habari na kumdhuru kabla hajajikinga, Kiswahili hukiita kuvizia. Anayetaka kutaja ukatili anao "unyama". Lenye nguvu kuliko yote ni "dhuluma", kwa kuwa kitenzi chake hudai yambwa: hakuna kudhulumu bila aliyedhulumiwa. "Cowardly" humtazama mtenda peke yake na kupima moyo wake. "Dhuluma" humleta mtendwa mbele na kuuliza haki yake iko wapi.

Mahakama nayo ilifuata njia ya mtendwa. Desemba 2020 kiongozi wa kikundi cha wanamgambo kutoka Illinois alipatikana na hatia kwa mashtaka matano ya shirikisho, na Septemba 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka 53. Miongoni mwa mashtaka hayo lilikuwamo la kuharibu mali kwa sababu ya sifa yake ya kidini, na la kuwazuia watu kuabudu kwa kutumia nguvu. Hakuna shtaka lililotaja woga. Sheria iliwataja waliokuwa wakienda kusali, na kile walichotaka kunyang'anywa.

Hata hivyo, gavana hakwenda Bloomington kuandika hati ya mashtaka. Alikwenda kuhani, na katika hani maneno hurundikwa kwa sababu hakuna moja linalotosha. Zaidi ya hayo, neno lake la nne lilikuwa na thamani ambayo yale matatu hayakuwa nayo. Waislamu wa Minnesota walikuwa wamezoea kulisikia neno "ugaidi" likielekezwa kwao. Siku ile mkuu wa jimbo alilitamka kwa ajili yao, msikitini mwao. Katika Kiswahili, gaidi alikuwa mnyang'anyi wa njiani kabla siasa za dunia hazijampa maana ya leo. Maana hiyo ya kwanza inawafaa vizuri watu waliosafiri kutoka jimbo jingine kwenda kuwanyang'anya wengine utulivu wa sala.

Farooq, lakabu ya khalifa Umar, ni mwenye kupambanua haki na batili. Shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa "farakana" na "mfarakano". Kazi ya mfasiri wa lawama ni hiyo hiyo ya kupambanua. Taarifa inayofuata ikisema "cowardly", kamusi itampa woga. Afadhali aiache kamusi kidogo, aulize nani amedhulumiwa, kisha aandike hivyo.