Sufuri Tatu za Muziki: Uhakiki wa Lugha ya Uwiano katika Kitabu cha Harry Partch

Kitabu cha Harry Partch kiitwacho Genesis of a Music, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1949 na kutolewa tena kikiwa kimepanuliwa mwaka 1974, hakisomwi sana na wataalamu wa lugha. Hata hivyo kimebeba tatizo ambalo ni la lugha kabla ya kuwa la muziki. Partch, mtunzi wa Marekani, aliikataa ngazi ya piano inayoigawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, na badala yake akaunda ngazi ya sauti 43, kila moja ikitajwa kwa uwiano wa namba nzima. Sauti inayotetema mara 3 katika muda ambao nyingine hutetema mara 2 ina uwiano wa 3/2 na hiyo ya pili. Sauti ya msingi, ambayo Partch aliipa mitetemo 392 kwa sekunde, huandikwa 1/1.

Udhaifu unaanzia hapo. Katika maandishi yake alama moja hutaja vitu viwili: sauti yenyewe, na umbali ulio kati ya sauti mbili. Partch hafichi jambo hili. Analieleza na kulitetea. Lakini tuchukue mfano. Mwimbaji akitoka sauti 9/8, yaani mitetemo 441, akapanda hadi sauti 3/2, yaani mitetemo 588, umbali aliopanda ni 4/3. Sauti iitwayo 4/3, ambayo ni mitetemo 523 hivi, haikusikika kabisa. Jina la mahali limetumika kuwa jina la safari. Kiswahili, ambacho hutenganisha mahali na mwendo kwa ngeli na kwa vitenzi, hakiwezi kuuiga mtindo huu bila kumpotosha msomaji.

Utata huo huwa mkubwa zaidi katika 1/1. Ikiwa jina la sauti, 1/1 ni kitu kinachosikika. Ikiwa jina la umbali, ni umbali wa sauti na nafsi yake, ambao hauna ukubwa wowote. Wananadharia wengi huuita umbali huo kuwa ni batili, kana kwamba ungeweza kuondolewa bila hasara. Jedwali la Partch mwenyewe linawakanusha. Jedwali hilo lina umbo la almasi na hupangwa kwa namba 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Kila namba huwekwa juu ya kila nyingine, na hivyo hupatikana vyumba 36. Baada ya kurahisisha, sauti zilizo tofauti ni 29 tu, na katika mstari wa kati mna 1/1, 3/3, 5/5, 7/7, 9/9 na 11/11, ambazo kihesabu ni kitu kimoja. Mwaka 1946 Partch aliunda marimba (neno hili, bila shaka, lina asili ya Kibantu) yenye vipande 36 vya mbao vilivyopangwa kwa kufuata jedwali hilo. Mwanahesabu angeviondoa vipande vitano vya mstari wa kati. Mpigaji hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa 7/7 ni mwanachama wa safu yake na 5/5 ni mwanachama wa safu nyingine. Kikiondolewa kimoja, mkono unaopita juu ya safu hiyo unakuta pengo.

Hapa mwanaisimu yuko nyumbani. Kiambishi cha umoja katika neno gari hakionekani wala hakisikiki, lakini kipo, maana kinapambanuliwa na ma- ya magari. Hiyo ndiyo mofimu kapa. Umbali wa 1/1 ni kapa kwa maana hiyo hiyo: ukubwa wake ni sufuri, nafasi yake katika mfumo si sufuri.

Sasa, mtu akiutazama mstari ule wa kati anaweza kushawishika kuurefusha: ikiwa 3/3 na 5/5 ni 1/1, kwa nini 0/0 isiwe 1/1 pia? Partch hakuliingiza jambo hilo katika jedwali lake, na alifanya vyema. Tukisema 7/7 ni 1, tunasema kwamba 1 ndiyo namba pekee inayozidishwa kwa 7 ikaleta 7. Lakini kila namba ikizidishwa kwa 0 huleta 0; kwa hiyo 0/0 inakubali jibu lolote, na kinachokubali majibu yote hakijajibu lolote. Kimuziki tofauti ni dhahiri zaidi. Waimbaji wawili wakiimba sauti ile ile wako pamoja. Wakinyamaza wote wawili, haina maana kuuliza kama wamepatana.

Sufuri ya tatu ni ya namna nyingine kabisa, na huchanganywa na zile mbili mara nyingi mno. Ukipanda 3/2 mara nne, unafika 81/16. Sauti ya tano ya mfuatano wa asili, ikiandikwa kwa asili ile ile, ni 80/16. Kati yake kuna 81/80, koma ndogo ya senti 21.5 hivi. (Senti ni kipimo cha Alexander Ellis, mtaalamu wa fonetiki wa Uingereza, aliyekieneza mwaka 1885; hatua moja ya piano ina senti 100.) Katika ngazi ya piano koma hiyo haipo: sauti hizo mbili hupigwa kwa kibao kimoja. Lakini 81/80 haikuwa sufuri kwa asili; imefutwa na fundi. Ni kama wazungumzaji wa Kimvita wanavyotenganisha t ya meno na t ya ufizi, ilhali Kiswahili Sanifu kimeziunganisha. Tofauti iliyounganishwa katika lahaja moja inaendelea kuishi katika nyingine, na Partch alijenga vyombo vyake ili aisikie.

Kwa hiyo kuzipa dhana hizi tatu istilahi moja, batili, ni kosa ambalo mwanafunzi wa muziki atalilipia. Yafaa 1/1 iitwe umbali kapa. Koma ya piano iitwe umbali uliofutwa, ili kiambishi cha kutendwa kidokeze kwamba yupo aliyeufuta. Na 0/0 iitwe uwiano usiofasilika, wala si usiofasiliwa, kwa kuwa neno hili la pili humfanya msomaji adhani kwamba ni suala la kumngojea mtaalamu aje autolee fasili.