Kuitambua Boti ya Faiba Iliyoundwa Vyema

Boti ya faiba haipimwi kwa mng'aro wake, kwa kuwa mng'aro huo ni wa jelikoti, yaani tabaka la rangi lenye unene wa karibu nusu milimita ambalo fundi hulipaka kwanza katika kalibu iliyosuguliwa kwa nta, nalo hung'aa hata kama kazi iliyofanywa nyuma yake ni ovyo. Uimara wa chombo umo katika matabaka ya nyuzi za kioo zilizoloweshwa kwa resini, na mnunuzi makini huyatafuta pale ambapo fundi hakutarajia kuchunguliwa: chini ya sakafu, kwenye ngama, na kwenye kingo za matundu.

Nyuzi hizo ni za namna mbili: mkeka, ambao ni nyuzi fupi zilizotawanywa kila upande na unaonyonya resini nyingi, na kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi ndefu, ambacho ndicho hasa hubeba nguvu. Wapo wanaodhani kwamba ukuta mnene ni ukuta imara, na hapo ndipo hudanganyika, kwa sababu resini ikizidi huongeza uzito na kuufanya ukuta uwe mwepesi kupasuka. Katika kazi ya mkono, nyuzi zapaswa kuwa takriban theluthi ya uzito katika tabaka la mkeka, na karibu nusu katika tabaka la kitambaa. Nyuzi zilizokosa resini hubaki nyeupe na kavu, na mahali ambapo rola haikupitishwa vyema huonekana mapovu ya hewa.

Resini ya poliesta hugandishwa kwa kichocheo, ambacho kwa kawaida huwa kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wake. Kikizidi, resini huchemka na kufanya nyufa. Kikipungua, haikomai, na boti iliyokwisha kukaa wiki kadhaa huendelea kunuka kemikali kwa ukali. Kwa chombo kitakacholala majini mwaka mzima, resini ya vinilesta ni bora kuliko poliesta ya kawaida, kwani huzuia maji yaliyopenya jelikoti yasiinue malengelenge yenye majimaji yanayonuka kama siki.

Mahali pa kukaguliwa kuliko pote ni ukuta wa tezi unaobeba injini, ambao mara nyingi huwa na plaiwudi katikati ya faiba. Tundu la bolti lisilozibwa kwa resini huingiza maji taratibu, na plaiwudi huoza bila dalili yoyote kwa nje. Ukuta huo ugongwe kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua: penye uzima sauti ni kali na fupi, penye uozo ni butu. Boti ambayo tezi yake inatoa sauti butu haifai kununuliwa mpaka ukuta huo ufumuliwe na kujengwa upya.