Shifta: Neno Lililotangulia Hukumu

Neno "shifta" liliingia katika Kiswahili cha Kenya kutoka Ethiopia. Katika Kiamhari lilibeba maana mbili: mnyang'anyi wa njiani, na mwasi aliyekimbilia nyikani kumpinga mtawala. Tewodros wa Pili alikuwa shifta kabla ya kutawazwa mfalme mwaka 1855. Lilipoenea Garissa, Wajir na Mandera katika miaka ya 1960, maana ya pili ilidondoka.

Upungufu huo si jambo la kamusi tu. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilikuta kwamba Wasomali wengi wa eneo hilo walitaka kujiunga na Somalia. Hilo lilikuwa dai la kisiasa, liwe la haki au batili. Katika vita vya 1963 hadi 1967 lilifunikwa kwa jina la jinai. Miongoni mwa walioitwa shifta walikuwamo waliopora na kuua; kuwapambanua hao na wachungaji na wanasiasa ni kazi ya mahakama, lakini jina moja liliwachanganya wote. Kisha Sheria ya Kinga ya 1970 ikazuia kesi dhidi ya maofisa na askari kwa matendo ya kipindi hicho yaliyosemekana kutendwa kwa nia njema.

Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 humdhania mshtakiwa kuwa hana hatia, na humpa mkalimani bila malipo. Mkalimani hufasiri ushahidi. Hawezi kulifuta jina lililomtangulia mshtakiwa kizimbani. Mtunga kamusi aandikaye "shifta: jambazi" na kukomea hapo ametoa ushahidi wa upande mmoja.