Posho, Mzigo na Njia: Jinsi Vita Kuu ya Kwanza Ilivyoendeshwa Afrika Mashariki

Mpagazi wa jeshi la Waingereza mwaka 1916 alibeba mzigo wa ratili 50, yaani takriban kilo 23. Posho yake ya siku, unga au mchele na maharage pale yalipopatikana, ilikaribia kilo moja. Mtume kutoka mwisho wa reli awapelekee chakula askari walio mbele, mwendo wa siku kumi. Kwenda atakula kilo kumi, kurudi kilo kumi nyingine. Kinachomfikia askari ni kilo tatu. Wasogeze askari hao mbele kwa siku mbili tu, na mpagazi huyo hana tena cha kukabidhi; hata chakula cha kumrudisha alikotoka hakimtoshi.

Kwangu mimi hesabu hii ndiyo ufunguo wa vita vilivyopiganwa Afrika Mashariki kuanzia Agosti 1914 hadi Novemba 1918. Vitabu vingi husifu ujanja wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, au huwalaumu majenerali walioshindwa kumkamata. Lakini ukifuata posho badala ya kufuata majenerali, unaona mageuzi ya vita hivi mahali pengine kabisa, na unaona pia ni nani hasa aliyevilipia.

Kwanza, kwa nini vilifika huku? Mauaji ya Sarajevo ya tarehe 28 Juni 1914 na tamko la Uingereza la tarehe 4 Agosti havikulazimisha risasi kulia Dar es Salaam. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha nafasi ya makoloni ya ukanda huu kubaki nje ya ugomvi wa Ulaya, na Heinrich Schnee, gavana wa koloni la Wajerumani, aliitaka sana nafasi hiyo. Aliona vita vingeharibu reli na mashamba, na kuwaonyesha watawaliwa Wazungu wakiuana. Kilichoiziba nafasi hiyo ni bahari. Uingereza ilitegemea Bahari ya Hindi kusafirisha wanajeshi kutoka India, na Wajerumani walikuwa na manowari Königsberg katika maji hayo pamoja na mnara wa simu ya upepo Dar es Salaam uliokuwa na uwezo wa kuwasiliana nayo. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mji huo mizinga, ikilenga mnara. Tarehe 20 Septemba Königsberg ilijibu kwa kuizamisha Pegasus ikiwa bandarini Zanzibar. Baada ya hapo hakuna gavana ambaye angeweza kuzungumza habari za kutoegemea upande.

Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amefika koloni Januari mwaka huohuo, hakutaka amani ya Schnee tangu mwanzo. Alijua koloni lisingeweza kuokolewa na manowari za Ujerumani. Shabaha yake ilikuwa kuifanya Uingereza ilete huku askari, silaha na meli ambazo zingetumika Ufaransa. Ndiyo maana alikwenda mapema mpakani, akaitwaa Taveta katikati ya Agosti na kuanza kuisumbua reli ya Uganda, iliyopita karibu na mpaka ikitoka Mombasa.

Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 yamesimuliwa sana, kwa hiyo nitayapitia kwa jicho moja tu: reli. Jenerali Aitken alileta watu wapatao 8,000 kutoka India, wengi wao wamechoka kwa wiki kadhaa za melini. Walinzi walikuwa karibu 1,000. Lakini reli ya Usambara ilifika Moshi, na kwa reli hiyo Lettow-Vorbeck alizishusha kombania zake kutoka Kilimanjaro hadi pwani kabla Waingereza hawajajipanga. Waingereza walirudi melini wakiacha bunduki kwa mamia, bunduki za rashasha, na risasi kwa malaki. Kwa jeshi lililozingirwa na bahari ya adui, nyara hizo zilikuwa kama meli nzima ya shehena.

Mwaka 1915 ulikuwa wa kuzingirwa na kuziba mapengo. Königsberg ilijificha kwenye delta ya Rufiji hadi tarehe 11 Julai, siku ilipomalizwa na meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zikielekezwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia. Hata hivyo mizinga yake kumi iliopolewa, ikarekebishwa katika karakana ya reli Dar es Salaam, na ikaanza maisha mapya nchi kavu. Kila mzinga ulivutwa kwa kamba na mamia ya watu, porini na milimani, mahali ambapo hapakuwa na barabara. Katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, wataalamu walitengeneza kwinini kutoka magome ya miti iliyopandwa papo hapo. Nguo zilifumwa, viatu vikashonwa. Hadi hapo upande wa Wajerumani ulipigana karibu na reli zake na mashamba yake, na hesabu ya mpagazi ilikuwa haijawabana.

Ilianza kuwabana wote mwaka 1916. Jan Smuts alichukua uongozi wa majeshi ya Uingereza mwezi Februari akiwa na maelfu ya Makaburu waliozoea vita vya farasi. Alitaka kuzunguka, kupita ubavuni na kumnasa adui bila mapigano makubwa. Kwenye ramani mpango ulikuwa mzuri. Moshi ikachukuliwa mwezi Machi, na jenerali wake Van Deventer akatumwa mbio kusini hadi Kondoa Irangi, alikofika mwezi Aprili masika yakiwa yamekolea. Ardhi iligeuka tope, malori yakazama, na farasi na nyumbu wakafa kwa maelfu kwa ugonjwa wa mbung'o. Askari wake walikaa Kondoa kwa nusu posho na pungufu ya hapo, wakisubiri vichwa vya watu viwafikishie unga.

Hapo ndipo naona kosa la msingi la Smuts. Alipanga kwa kasi ya farasi katika nchi ambayo farasi hawaishi. Kila ushindi wake ulirefusha njia ya posho. Morogoro ilianguka mwishoni mwa Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Magharibi, Waingereza walikuwa wamekwisha kuvunja nguvu ya Wajerumani katika Ziwa Tanganyika kwa boti mbili ndogo zilizovutwa nchi kavu kupitia Kongo, na Wabelgiji wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba, nao wakiwa wamebebewa na wapagazi wa Kongo waliozidi laki mbili. Reli ya kati yote ikawa mikononi mwa washirika. Katika vita vya Ulaya huo ungekuwa mwisho. Huku, Lettow-Vorbeck aliiacha reli akaingia kusini, kwenye Rufiji na Mahenge, na kumwachia adui hesabu ya kilo 23.

Smuts aliondoka Januari 1917 akiitangazia dunia kwamba kazi imekwisha, imebaki kufagia. Mvua za mwaka huo zilikuwa kubwa mno. Bonde la Rufiji liligeuka ziwa, na vikosi vilivyokuwa mbele vikakaribia kufa njaa. Kati ya Wazungu wa Afrika Kusini, 12,000 hadi 15,000 walikuwa wamerudishwa kwao kwa maradhi. Hapa ndipo vita vilipogeuka, na havikugeuzwa na pigano lolote. Uingereza iliamua mambo mawili: kupanua jeshi lake la askari wa Kiafrika, King's African Rifles, lililokuwa na askari wasiofika 3,000 mwaka 1914, hadi kufikia takriban 35,000 mwaka 1918, na kukusanya wapagazi kwa nguvu kwa kiwango ambacho hakijapata kuonekana.

Katika Afrika Mashariki ya Kiingereza sheria ya mwaka 1915 ilikuwa tayari imeruhusu kuwachukua watu kwa lazima. Mwaka 1917 afisa wa serikali John Ainsworth alipewa kazi ya kuikamilisha idadi yao. Machifu walipewa idadi, na wasiotimiza waliadhibiwa. Vijana wa Nyanza, Ukambani na Gikuyu walisombwa. Walichukuliwa pia Pwani, Uganda, Nyasaland, na ndani ya Tanganyika yenyewe, ambako mtu aliyewabebea Wajerumani mwaka 1915 aliweza kujikuta akiwabebea Waingereza mwaka 1917. Kwa jumla Uingereza ilitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika vita hivi. Mshahara wa wengi ulishushwa hadi rupia 5 kwa mwezi.

Walikufa kwa nini? Risasi iliua wachache. Oscar Watkins, aliyesimamia idara ya wapagazi, alilia na wakubwa zake miaka yote kuhusu mambo yanayoweza kuonekana madogo: blanketi, sufuria, muda wa kupika. Watu wa nyanda za juu, waliozoea chakula cha kwao, walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya. Wanafika kambini jioni wamelowa, kuni mbichi, uji unaiva nusu, na tumbo linachanika. Kuhara damu kuliongoza orodha, kukifuatiwa na malaria na homa ya mapafu. Mpagazi akiugua, mzigo wake hupewa mwenzake, naye anachoka mapema zaidi. Kwa hiyo inabidi aletwe mwingine kutoka kijijini, naye pia atakula posho njiani. Upungufu wa sufuria Dodoma ulikuwa jambo la kivita sawasawa na upungufu wa mizinga. Naandika hivi kwa sababu historia za kijeshi bado huliweka jambo hili kwenye kurasa za mwisho, na hilo ni kosa la uchambuzi kabla halijawa kosa la utu.

Hata hivyo, mpango wa kupanua jeshi na kukusanya wapagazi ulifanya kazi. Oktoba 1917, huko Mahiwa, majeshi mawili yalipigana kwa siku nne katika pigano baya kuliko yote ya vita hivi. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700, waliouawa na waliojeruhiwa pamoja, Wajerumani mamia kadhaa tu. Kwa hesabu ya uwanjani Lettow-Vorbeck alishinda. Lakini yeye hakuwa na wa kujazia mapengo wala risasi za kuendelea, na wapinzani wake walikuwa na mstari wa vichwa unaotoka Kilwa na Lindi bila kukatika. Novemba alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Tangu hapo jeshi lake lilitatua hesabu ya mpagazi kwa njia ya kikatili: halikuwa na njia ya posho kabisa. Lilikula kile lilichokikuta, maghala ya Wareno kwanza, kisha ya wanakijiji. Tayari katika Ugogo unyang'anyi wa nafaka na mifugo uliofanywa na majeshi ya pande zote mbili, ukifuatiwa na ukame, ulikuwa unaandaa njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Wanaomsifu Lettow-Vorbeck kwa kutoshindwa wanapaswa kueleza chakula hicho kilitoka kwenye vihenge vya nani.

Na lile lengo lake la kuibana Uingereza? Lilifanikiwa hadi mwaka 1916, pale askari wa India na Makaburu walipokuwa wengi. Baada ya 1917 waliomfukuza walikuwa hasa askari wa Kiafrika, ambao Uingereza haikuwa na mpango wa kuwapeleka Ufaransa. Alizidi kushikilia meli na fedha, lakini kila mwezi uliopita gharama yake ilihama kutoka London kwenda Kisumu, Dodoma na Songea.

Aliitwaa Kasama, katika Zambia ya leo, tarehe 13 Novemba 1918, siku mbili baada ya vita kukoma Ulaya. Tarehe 25 aliweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, akiwa na Wazungu 155 na askari wasiozidi 1,200. Wapagazi waliokufa wakiwa upande wa Uingereza walihesabiwa rasmi kuwa karibu laki moja, na watafiti wengi wanaona idadi hiyo ni ndogo. Upande wa Wajerumani hakuna daftari la kutegemewa.

Mishahara ya marehemu ambao ndugu zao hawakupatikana ilibaki kwenye vitabu vya serikali. Watkins alitaka fedha hizo ziwafae jamaa za waliokufa, Hazina ya Uingereza ikakataa, na ubishi uliendelea miaka mingi baada ya vita. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu kati ya laki moja na laki tatu na zaidi, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Baadhi ya orodha bado zipo katika nyaraka za serikali. Majina yanayoweza kupatikana humo yachapishwe sasa, kijiji kwa kijiji, ili familia za Siaya, Machakos na Mpwapwa ziweze kuyasoma.