Bibi wa Majina Mawili

Salma, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja, alizaliwa mwaka wa 1844. Katika 1866 alitoroka kwao kwa ajili ya mfanya biashara Mjeremani, Heinrich Ruete. Tarehe 30 Mei 1867, kule Aden, alibatizwa kwa jina la Emily, na siku ile ile wakafunga ndoa. Mwaka wa 1870 bwana yake alikufa Hamburg, akamwacha na watoto watatu katika inchi ya ugeni. Katika 1886 alitoa kwa Kijeremani kitabu cha maisha yake.

Ndugu wasomaji, tutazame kwanza picha yake moja. Amevaa mavazi ya kiungwana ya Unguja. Lakini picha hiyo ilipigwa Hamburg. Kitabu nacho ni vile vile: ni Unguja iliyovikwa vizuri kusudi Wazungu waitazame. Anapoeleza nyumba ya Mtoni, mama yake, na jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili Korani juu ya mfupa wa ngamia, tunamsadiki na kumpenda.

Lakini anapofika kwenye utumwa, anautetea. Hapo sisi watu wa Ituri hatuwezi kunyamaza, maana misafara ya watu wa pwani iliingia hata katika pori letu na kuteka watu. Mbona mwanamke mwenye akili asema hivyo? Alilelewa katika nyumba iliyolishwa na kazi ya watumwa, ni kweli. Lakini tunafikiri ugeni nao ulimshika: mtu anayesikia kwao kunadharauliwa, mwishowe hutetea hata mabaya ya kwao.

Jambo hili latuhusu. Hapa Bunia, tangu vita ya 1999, wamefika akina mama wengi waliokimbia kwao. Mara nyingi tunawataka wachague: kwao ama kwetu. Si vema. Ubatizo ulimpa Salma jina jipya. Haukumwondolea mama aliyemzaa. Padri na katekista wamsikilize mama mgeni mpaka mwisho, wala wasidharau kwao. Ndipo atakapopata moyo wa kutaja hata makosa ya kwao.

Emily alikufa Jena mwaka wa 1924. Kati ya vitu vyake palikuwa na mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja. Tumsome kwa huruma, pasipo kuficha ukweli.