Bibi Mwenye Macho Mekundu

Januari 2020, yalipotangazwa majina ya wanaowania Tuzo za Oscar, la Lupita Nyong'o halikuwemo. Katika Us, filamu ya Jordan Peele ya mwaka 2019, aliigiza watu wawili: Adelaide, mama wa familia, na Red, mtu wa kivuli anayefanana naye, anayetoka chini ya ardhi na kuongea kama aliyekabwa koo. Wahakiki wa filamu wa New York walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Oscar haikumpa hata nafasi ya kushindania. Mwaka 2014 ilikuwa imempa tuzo kwa kuigiza mtumwa katika 12 Years a Slave. Kipaji kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni aina ya filamu.

Watoa tuzo wengi huiona hofu kuwa kazi rahisi. Yapo ya kupigiwa mfano, kama The Silence of the Lambs iliyotawala Oscar za 1992, au Get Out iliyopata tuzo ya mswada wa filamu mwaka 2018. Agosti ya mwaka huohuo waandaaji wa Oscar walitangaza tuzo ya pekee kwa filamu zinazopendwa na wengi, na mwezi uliofuata wakaiweka kando. Sikusikitika. Ilikuwa sawa na kumtandikia mgeni mkeka barazani ili asiingie sebuleni.

Naandika haya nikiwa Sumbawanga, mahali ambapo filamu ya kutisha haiwezi kuwa burudani tu. Wafipa hueleza kwamba jina la mji wetu ni amri: tupa uchawi. Watu wa mbali wamesikia neno la mwisho peke yake. Mfipa akijitambulisha Dar es Salaam, utani huanza hapohapo: umekuja kwa basi au kwa ungo? Tunacheka nao. Hata hivyo picha hiyo ya Sumbawanga haikujichora yenyewe, na Bongo Movie, pamoja na waganga wake, vibuyu vyake na makaburi yake, imechangia kuikoleza.

Filamu hizo tunazipenda. Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, za miaka ya mwanzo ya 2000, zilirekodiwa kwa kamera za video na kuonyeshwa kwenye vibanda umiza, watu wamebanana kwenye mabenchi. Jini anatoweka kwa mkato wa picha ambao hata mtoto anauona. Lakini katika Shumileta jini wa kike anampenda binadamu, na hofu inaingia nyumbani kwa mlango wa mapenzi. Mtazamaji wa Kiswahili hahitaji kueleweshwa kwa nini hilo linatisha. Huo ni ufundi, na kukosa fedha hakuufuti.

Linganisha na Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, filamu ya kwanza ya Tanzania kuwasilishwa kwa Oscar, mwaka 2001. Ndani yake Amandina Lihamba anaigiza Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili asiyesema, na mzimu wa wahenga uko naye. Ni filamu nzuri. Ila mzimu ni mzimu. Ukipigwa picha kwa utulivu unaitwa urithi wetu, na ukipigwa kwa kamera ya bei nafuu, ukafuatwa na mayowe, unaitwa ushirikina.

Siombi huruma kwa Bongo Movie. Kinachoniuma ni kwamba filamu isiyohesabiwa haikosolewi pia. Chukua bibi kizee mwenye macho mekundu. Katika filamu nyingi za uchawi akionekana tu mlangoni, tayari ana hatia. Macho hayo huku kwetu ni ya moshi wa kuni, wa miaka mingi jikoni. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa tuhuma zilizoanzia kwenye rangi ya macho, na mkoani kwetu Rukwa watu wenye ualbino wamevamiwa kwa sababu za kishirikina. Mwongozaji anayeutumia uso ule bila kufikiri husikia sauti moja tu, ya mauzo. Majaji wangeziangalia filamu hizi kwa makini, wangeweza kumwambia: hapa umefanya uvivu, na uvivu wako una madhara.

Wala hatukosi cha kutengeneza. Uwanda wa juu wa Ufipa bado una malungu, tanuru ndefu za udongo walizotumia wahenga kuyeyusha chuma, kazi iliyokuwa na dawa zake na miiko yake. Zimesimama mashambani kama watu wanaosubiri. Kwenye baridi ya Juni, ukungu ukishuka, hazihitaji muziki wa kutisha.

Filamu ninayoisubiri ingeanza na bibi yuleyule, ila kamera iwe ndani pamoja naye. Usiku umeingia, moto unafifia, na nje anasikia majirani wakinong'ona jina lake. Anakagua komeo la mlango, kisha anarudi kulikagua tena. Ukumbi mzima ungeogopa pamoja naye. Filamu hiyo ikija, isiambiwe kwamba ni ya uchawi tu.