Mahali pa Nusukipenyo: Uhakiki wa Kipimo cha Tao katika Mchoro wa Kompyuta

Mchoro wa kiufundi ni maandishi. Una alama zake, sarufi yake na msomaji wake, naye msomaji huyo mara nyingi ni fundi aliye mbali na mchoraji, asiyeweza kumwuliza neno. Kwa hiyo yafaa uhakikiwe kama yanavyohakikiwa maandishi mengine. Uhakiki huu wahusu jambo moja tu, nalo ni namna kipimo cha nusukipenyo kinavyowekwa juu ya tao katika AutoCAD, programu iliyotolewa na kampuni ya Autodesk ya Marekani mwaka 1982.

Kipimo hicho kina viungo vitatu: mstari uliolingana na kitovu, mshale mmoja ugusao tao, na namba iliyotanguliwa na herufi R. Herufi hiyo yatokana na neno la Kilatini radius, na ndiyo sababu yawafaa Wafaransa, Waingereza na Wajerumani sawasawa. Msemaji wa Kiswahili haioni ndani ya neno nusukipenyo. Kwake ni alama tupu, hana budi kuipokea hivyo. Zamani huko Marekani R iliandikwa baada ya namba. Siku hizi kanuni za ISO na za ASME zote zaitanguliza, nazo zafanya vema: msomaji atambua aina ya kipimo kabla ya kujua ukubwa wake, kama vile kiambishi cha ngeli kinavyomtayarishia shina la neno.

Mintarafu ya mwelekeo, programu hii yastahili sifa. Mchoraji akiisha kuchagua tao, popote apelekapo mstari, ndani au nje, mstari wenyewe hauachi kufuata njia ya kitovu. Mchoraji wa mkono angeweza kukosea, kompyuta haikosei. Hata namba hukisomi kipimo kwa macho, bali huipata katika umbo lenyewe.

Lakini usahihi si uwazi. Programu yajua kitovu kilipo, haijui msomaji atachanganyikiwa wapi. Tuchukue mfano wa bamba la chuma lenye unene wa milimita 5, lililokunjwa kwa pembe ya mraba. Kona yake ina matao mawili yenye kitovu kimoja: la ndani R5, la nje R10. Mchoraji akiiweka namba R5 upande wa nje, mstari wake utalikata tao la nje kabla ya kulifikia la ndani. Hakuna kilichokosewa: namba ni sahihi, na mshale wagusa mahali pake. Hata hivyo, katika karatasi iliyopunguzwa, mshale ukiwa mdogo, fundi aweza kudhani kwamba R5 ni ya tao la nje. Akitoa unene wa milimita 5, tao la ndani labaki sifuri, yaani kona kali, na chuma kikikunjwa hivyo chaweza kupasuka. Kama R5 ingeandikwa upande wa ndani wa mkunjo na R10 upande wa nje, shaka hiyo isingezaliwa.

Mpangilio uitwao DIMTOFL wahusika na jambo hilohilo. Ukiwashwa, mstari huchorwa ndani ya tao ingawa namba iko nje. Katika tao lililo peke yake mstari huo husaidia, kwa kuwa waonyesha kitovu kilipo. Katika kona ndogo yenye mistari mingi, huongeza msongamano. Hivyo mpangilio mmoja hauwezi kufaa michoro yote, na mchoraji aukubaliye bila kufikiri ameacha kazi yake nusu.

Tao kubwa, ambalo kitovu chake chaangukia nje ya karatasi, laleta swali jingine. Tangu toleo la mwaka 2006, amri DIMJOGGED humruhusu mchoraji kuteua kitovu cha badala na kuuvunja mstari kwa mkunjo. Kitovu hicho si cha kweli, lakini mkunjo wenyewe wamwonya msomaji kwamba umbali umefupishwa, wala hadanganyiki. Kanuni yadai tu kwamba kipande kigusacho tao kielekee kitovu halisi.

Kutokana na hayo yaonekana kwamba lawama haiiangukii programu. Imechukua hesabu, ikamwachia mwanadamu uamuzi wa mahali, na uamuzi huo ndio uandishi wenyewe. Walimu wa uchoraji hufundisha amri, na wanafunzi huzijua upesi. Litakiwalo zaidi ni mazoezi ya kusoma: mwanafunzi apewe mchoro wa mwenzake, autengeneze umbo lake bila kuuliza, kisha ionekane ni namba ipi iliyompoteza.